Yupo, Yuko, Yumo: Mazungumzo ya Kilabuni Babati na Madai ya Falsafa

Mji wa Babati umekaa panapokutana njia. Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma yapita hapo, na nyingine yachepuka kwenda Singida kwa kupitia Katesh, chini ya mlima Hanang. Kando ya mji pana ziwa lenye viboko, na juu yake pamesimama mlima Kwaraa. Nchi hiyo kwa asili ni ya Wagorowa, lakini tangu zamani wameingia Wairaqw, Warangi, Wambugwe na Wabarbaig, na tangu mji ulipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002 wameongezeka makarani, walimu, madereva na wachuuzi wa kila kabila. Kwa mwanafunzi wa lugha, pahali kama hapo ni adimu. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Kidatooga cha Wabarbaig ni cha jamii ya Kiniloti. Na upande wa Kondoa, si mbali sana, kuna Kisandawe chenye sauti za vidoko. Watu wa lugha hizo wakiketi jioni mbele ya pombe, husema Kiswahili.

Wasemalo huko ndilo jambo la kuchunguzwa hapa. Jibu la haraka la watu wengi wenye heshima zao ni kwamba wasemalo ni upuuzi: porojo, soga, domo la walevi. Lugha ya Kiswahili yenyewe imejaa majina ya kudharau mazungumzo yasiyo na kazi. Lakini mtu akae kimya katika kilabu cha pombe ya kienyeji, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka giza liingie, akayahesabu mambo yanayobishaniwa, ataona kuwa bei ya mahindi na ugomvi wa mipaka ya mashamba havimalizi jioni. Huulizwa kama mtu mwovu aliyefanikiwa alikuwa na bahati au alikuwa na akili. Huulizwa kama mwenda wazimu ana dhambi. Huulizwa kama aliyekufa ajua kuwa amekufa. Haya ni maswali ya falsafa, hata kama muulizaji ana deni la kata mbili.

Wenzao wa pwani wamepata bahati njema zaidi katika vitabu. Baraza la Mombasa, lenye kahawa chungu na tende, limeandikiwa kitabu kizima cha Kai Kresse, kilichotoka mwaka 2007, juu ya kufalsafa katika Mji wa Kale. Kitabu hicho ni cha thamani, maana kimewaonyesha wanazuoni na washairi, akina Ahmed Sheikh Nabhany na Ahmad Nassir Juma Bhalo, wakiwa katikati ya watu wao, si katika kabati la makumbusho. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwa nini baraza liliweza kuingia kitabuni kwa heshima. Baraza lina maandishi nyuma yake: tenzi, tafsiri, hotuba za misikitini. Lina kinywaji ambacho hakuna sheria ya dini wala ya serikali inayokitilia shaka. Kilabu cha bara hakina hata kimoja katika hivyo. Nyuma yake hakuna maandishi, na mbele yake pana chungu. Kasisi alikikemea, bwana shauri alikitoza ushuru, na mtaalamu alipita njiani kwenda kumtafuta mzee wa mila.

Jambo hili la kumtafuta mzee lahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa limetengeneza sehemu kubwa ya elimu iliyopo. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alianza katika miaka ya 1970 kazi ya kuwahoji wenye hekima wa vijijini Kenya, na mwaka 1990 alitoa kitabu chake juu ya falsafa ya wenye hekima. Nia yake ilikuwa njema na ya lazima. Padre Placide Tempels, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kilichotokana na maisha yake kati ya Waluba wa Kongo, alikuwa amewapa Wabantu wote falsafa moja wasiyoijua wenyewe, kana kwamba watu mamilioni wana kichwa kimoja. Oruka akataka kuonyesha kuwa Mwafrika mmoja, mwenye jina lake, aweza kufikiri peke yake, akaikosoa hata mila ya jamaa zake. Basi akawahoji watu mmoja mmoja, akatia majina yao kitabuni. Hoja yake ilishinda. Lakini silaha aliyoishindia ilikata na kitu kingine pamoja nacho: ilimtenga mwenye hekima na wabishi wake. Mtu anayeulizwa maswali na mgeni mwenye chombo cha kunasa sauti hujibu kama shahidi. Mtu anayepingwa na shemeji yake hujibu kama mwanafalsafa, kwa kuwa shemeji hatosheki upesi, tena anayajua makosa yake yote.

Riwaya za Kiswahili nazo hazikukitendea kilabu haki. Katika Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, fikira kubwa husemwa mahakamani: Karama asimama mbele ya mfalme na mawaziri, anajitetea. Katika Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974, fikira kubwa humtafuna kijana msomi, Kazimoto, mpaka anajiua. Kati ya mshitakiwa mbele ya mfalme na msomi aliyefungwa ndani ya kichwa chake, hakuna benchi. Katika Rosa Mistika, cha Kezilahabi pia, cha mwaka 1971, pombe ipo, lakini ipo kama ugonjwa wa nyumba: Zakaria ni baba mlevi, na ulevi wake ni sehemu ya maangamizi ya binti zake. Wala haisemwi hapa kuwa mwandishi alikosea. Nyumba za namna hiyo zipo, na huko Babati zipo vilevile. Lililobaki bila kuandikwa ni saa ile kabla ya ulevi, kata ya kwanza na ya pili, wakati ulimi umefunguka na akili haijafungwa.

Wayunani wa kale waliijua saa hiyo, wakaiwekea sheria. Kitabu cha Plato kiitwacho Karamu, ambacho jina lake kwa lugha yao lina maana ya kunywa pamoja, kinasimulia jioni katika nyumba ya Agathon, mtunzi wa tamthilia aliyeshinda mashindano mwaka 416 kabla ya Kristo. Wageni walikuwa wamechoka kwa pombe ya jana. Wakakubaliana kila mtu anywe apendavyo asilazimishwe, wakamwondoa mpiga filimbi, wakaanza kusema kwa zamu juu ya mapenzi. Mmoja akashikwa na kwikwi, zamu yake ikapita kwa mwingine. Mwishoni aliingia Alcibiades, amelewa, akaharibu utaratibu wote. Na kuna wasomaji wengi wanaoona kuwa maneno yake ndiyo yenye uzito kuliko yote. Vyuo vikuu vya dunia husoma kitabu hicho kama msingi wa falsafa, wala hakuna anayesema kuwa ni porojo za walevi. Lakini kwikwi imo kitabuni. Plato aliona kuwa fikira iliyotengwa na kwikwi zake imepungua ukweli.

Sasa yafaa kuingia katika mazungumzo yenyewe. Mfano ufuatao si wa siku moja wala wa kilabu kimoja; ni mwendo wa ubishi unaorudi mara kwa mara mvua zinapochelewa. Mtu husema kwa kukata tamaa, “Hata hivyo Mungu yupo.” Mwingine humjibu, “Yuko.” Wa kwanza, akihisi kuwa hakukubaliwa sawasawa, huuliza, “Yuko wapi, mzee wangu?” Mzee huonyesha juu kwa kidevu, bila kutaja mahali. Hapo kijana hudakia: “Hapana. Yumo.” Naye huulizwa, “Yumo katika nini?” Hujibu, “Katika kila kitu. Hata humu katika kata.” Mama mwenye pombe, ambaye ndiye pekee asiyelewa penye mkutano huo, humaliza shauri: “Kama yumo humo, mwambieni alipe. Kata hiyo haijalipwa.”

Watu hucheka, na mgeni hudhani kuwa kichekesho ndicho kilichokusudiwa. Lakini tazama kilichopita. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944 ambayo vizazi vya wanafunzi wameitumia, ameeleza kwamba -po huonyesha mahali maalumu, -ko mahali pasipo maalumu, na -mo ndani ya kitu. Kiswahili hakimruhusu mtu aseme kwa wepesi kuwa kitu kipo bila kuchagua kimojawapo. Kuwapo ni kuwa mahali. Katika lugha nyingine za dunia mwanafalsafa huweza kutamka neno moja la kuwa, akalitazama kwa miaka arobaini bila kuulizwa “wapi”. Msemaji wa Kiswahili huulizwa papo hapo. Basi wabishi wetu watatu wamesema mambo matatu yaliyo mbalimbali kabisa. Wa kwanza amesema Mungu yu karibu, anahusika na shamba hili lililokauka. Mzee amesema Mungu ni wa mbali, kuwako kwake hakuna shaka lakini mahali pake hapatajwi. Kijana amesema Mungu yu ndani ya vitu. Wanazuoni wa Kiislamu na wa Kikristo wamegombana juu ya mafundisho hayo matatu karne kwa karne, kwa vitabu vizito. Hapa yamesemwa kwa silabi tatu.

Na jibu la mama mwenye pombe ni hoja kamili. Lasema hivi: ikiwa Mungu yumo ndani ya kitu kwa maana ya kweli, basi yaliyo ya kitu ni yake pia, pamoja na deni, na ikiwa deni si lake, basi “yumo” ni neno tu. Kijana ana njia mbili za kujiokoa. Aweza kusema kuwa kuwa ndani si kumiliki, kama vile aliyemo nyumbani si lazima awe mwenye nyumba. Au aweza kukubali kuwa Mungu ni mdeni wa watu, jambo ambalo wazee wengine hulisema kwa uchungu miaka ya njaa. Ajibu lipi hutegemea kiasi alichokunywa na nani yupo. Lakini kwamba analazimika kujibu, hilo halina shaka, maana benchi zima linamngoja.

Kwa kisa kama hiki nadharia moja mashuhuri yapata mtihani wake. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alidai kuwa falsafa ya Wabantu imo katika ngeli za majina. Vyote vilivyopo, kwa hesabu yake, vyagawanyika mara nne: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kitu kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Janheinz Jahn aliichukua hesabu hiyo katika kitabu chake Muntu cha mwaka 1958, na kwa njia hiyo ilienea Ulaya na Marekani. Ni nadharia yenye uzuri wake. Kila anayefundisha ngeli amewahi kuipenda, angalau kwa muhula mmoja.

Kiswahili chenyewe chaanza kuitia mashaka. Mtu na kitu tunavyo, lakini neno la tatu limepotea, na badala yake limekuja mahali kutoka Kiarabu. La ajabu ni kwamba neno hilo la kigeni limevishwa nguo za wenyeji: husemwa mahali pazuri, mahali hapa, na ile pa- ya kale imebaki kazini ingawa mwenye nyumba amebadilika. La nne nalo limekwenda. Husemwa jinsi na namna, maneno ya kuja. Ikiwa fikira hukaa katika ngeli, Waswahili wangekuwa wamepoteza nusu ya fikira zao njiani. Hawakuipoteza.

Lakini pigo kubwa hutoka Babati. Benchi lile halikukaliwa na Wabantu peke yao. Mgorowa na Mwiraqw wana lugha ambazo majina yake hugawanyika kwa jinsi ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. Mungu kwa Wairaqw ni Looaa, jina lililo pia la jua, na kwa sarufi yao ni la kike. Mwiraqw anapomtaja Mungu nyumbani kwake, uke huo hupita ndani ya sentensi bila kusemwa, kama maji chini ya mchanga. Hakuna wa kuubishia, kwa kuwa hakuna aliyeudai. Akija kilabuni akasema Kiswahili, lugha hiyo haimpi nafasi ya kuupitisha. Mungu ni wa ngeli moja na mtu, hana uke wala ume. Akitaka uke usikike, hana budi kusema waziwazi: “Kwetu Mungu ni mama.” Na akisema hivyo, amekwisha toa dai. Mrangi, ambaye pengine ni Mwislamu na anakunywa chai yake pembeni bila kugusa pombe, aweza sasa kumwuliza, “Mama wa nani? Na baba ni nani?” Lililokuwa sarufi limekuwa hoja. Naye Mwiraqw hupata jambo lake la kushangaa: Kiswahili chamlazimisha kuchagua po, ko au mo, naye huuliza kwa nini Mungu apewe mahali kama ng’ombe.

Hapa ndipo Kagame alipokosea, naye hakukosea kwa kukosa akili. Aliitafuta falsafa ndani ya lugha moja, akiwa mezani kwake, mahali ambapo sarufi hainyamazishwi na mtu yeyote. Ngeli si falsafa. Ni mazoea, na mazoea huwa fikira pale tu yanapokutana na mtu asiye nayo. Kwa sababu hiyo pahali ambapo watu wa jamii tatu za lugha hukopana Kiswahili ili wabishane, huenda pana falsafa zaidi kuliko kijiji chenye lugha moja safi ambacho watafiti hukitamani. Robert Thornton, katika kitabu chake juu ya Wairaqw kilichotoka mwaka 1980, alieleza kwamba watu hao huupanga ulimwengu kwa mahali kuliko kwa historia. Yawezekana. Lakini kilabuni, mahali penyewe hutiliwa swali.

Isidhaniwe kuwa kila la kilabuni ni dhahabu. Kasoro zake ni nyingi na ni za kweli. Maswali hayafungwi, ubishi wa Jumamosi hurudi Jumamosi nyingine kana kwamba haukuwahi kusemwa. Mwenye sauti kubwa hushinda mwenye hoja mara nyingi kuliko inavyopasa. Kata ya tano huua kilichozaliwa katika kata ya pili. Wanawake, isipokuwa mwenye pombe na wasaidizi wake, mara nyingi hawako katika benchi, na fedha inayonunua mazungumzo hayo pengine ilikuwa ya daftari za watoto. Mfikiriaji bora wa mkutano, kama mfano uliotangulia unavyoonyesha, ndiye anayeosha vyombo. Mtu anayekisifu kilabu bila kuyataja haya anaandika tangazo la pombe.

Pia kilabu kinabadilika. Katika baa za barabarani muziki hupigwa kwa nguvu, na televisheni huonyesha mpira wa Uingereza. Mtu hawezi kusikia hoja ya jirani yake, sembuse kuijibu. Wageni wa Agathon walimwondoa mpiga filimbi. Mwenye baa humwongezea sauti, kwa kuwa wanyamavu hunywa upesi. Wazee waliozoea kufunga mkutano kwa slufay, ile sala ya kishairi ya Wairaqw ambayo mmoja huisema na waliopo humwitikia, hawawezi kuitikiana juu ya kelele hizo. W. D. Kamera ameandika juu ya slufay, na kwa hiyo sanaa hiyo imepata pa kukaa. Andrew Harvey amekieleza Kigorowa katika tasnifu yake ya mwaka 2018. Ubishi uliotangulia sala, ule wa Kiswahili, hauna mtu wa kuutetea: wapenda lugha za asili huuona si wa asili, na wapenda Kiswahili huuona si fasaha.

Hili la ufasaha ndilo la kuogopwa zaidi na wanaokusudia kukusanya mazungumzo ya namna hii. Kitu cha kwanza ambacho mwandikaji hufanya, akiisha kunasa sauti, ni kusafisha. Huondoa kikohozi, huondoa matusi, huondoa mama anayedai fedha yake katikati ya sentensi ya mtu mwingine, na kwa hiyo huondoa hoja iliyo bora kuliko zote. Kisha husahihisha. Mbishi wa Babati husema, “Yupo wapi?” Mwalimu wa sarufi ataandika “Yuko wapi?”, kwa kuwa anayeuliza hajui mahali, na asiyejua mahali sharti atumie -ko. Kwa mujibu wa vitabu, mwalimu yu sahihi. Lakini huenda mbishi yule hakukosea. Huenda alikuwa amekubali kwanza kwamba Mungu yu karibu, pale pale penye shamba lake, ndipo akauliza ni wapi hasa, kama mtu anavyomwuliza mtoto aliyejificha ndani ya chumba kilekile. Herufi moja ikibadilishwa, swali la mtu aliyekaribia huwa swali la mtu aliyepotea, na msomaji wa baadaye hatakuwa na njia ya kujua lipi lilisemwa.